Mandari ya Mlimani: Tarehe Inayoanzia Kibo na Kuishia Gwassi

Msafiri atokaye Mbita kwenda Sindo huwa na Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, mkono wake wa kulia, na mbele yake, kadiri anavyoukaribia mji, huinuka milima ya Gwassi, ambayo ni mabaki ya volkeno kubwa ya Kisingiri iliyozimika zama ambazo binadamu alikuwa bado hajaikanyaga ardhi. Maji ya ziwa yamo kwenye kimo cha mita 1,134 juu ya bahari, na vilele vya Gwassi hupita mita 2,200, hata baina ya mchanga unaoanikiwa omena na kilele cha juu kuna mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Katika nchi za baridi mwinuko kama huo ungetosha kujengewa mji mzima wa starehe, wenye hoteli, waalimu wa mchezo, mashine za kuwapandisha watu, na umati wa wazazi wanaowasili asubuhi na mapema pamoja na watoto wao wadogo waliovishwa mavazi mazito, ili washinde kutwa wakiteleza juu ya theluji. Sindo haina theluji, wala katika kumbukumbu za watu wake haikupata kuwa nayo. Barafu aijuayo mtoto wa huko ni ile ya mvua ya mawe, au ile iletwayo ufukoni na malori ya wanunuzi wa mbuta, tangu biashara ya samaki huyo iliposhamiri katika miaka ya 1980.

Hata hivyo, ukosefu wa theluji hauelezi kila kitu. Liko swali lililo kubwa kuliko hilo, nalo ni kwa nini milima ya watu fulani imekuwa mahali pa mandari ya mzazi na mtoto, ilhali milima ya watu wengine imebaki mahali pa kuni, malisho na hofu. Aghalabu husemwa kwamba ni tofauti ya tabia tu, kwamba wengine wamejaaliwa kupenda milima na wengine hawakujaaliwa. Tarehe haikubali neno hilo. Anayeifuatilia kwa makini ataona kwamba mandari ya mlimani ni desturi changa kila ilipo, kwamba ilizaliwa na mambo yanayoweza kutajwa moja baada ya jingine, yaani likizo yenye malipo, njia, afya na amani, na kwamba hakuna mlima uliopata kuwa wa starehe kabla ya kuwa wa taabu.

Tuanze na theluji ya kwetu, maana Afrika Mashariki haikunyimwa kitu hicho. Watu wa Uchagga waliiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikimeta juu ya migomba yao kwa vizazi vingi kabla ya mgeni yeyote kufika, na haikuwapitia bure bila ya udadisi. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa na makao Rabai karibu na Mombasa, alihadithiwa kwamba mtawala mmoja wa zamani wa Machame aliwahi kulituma kundi la watu wapande wakauchunguze weupe ule, kwa kuwa ilidhaniwa huenda ni fedha. Na habari aliyopewa ilikuwa ya msiba, kwa sababu baridi iliwaangamiza waliotumwa, na aliyerudi alirudi na viungo vilivyoharibika. Huo ndio msafara wa zamani kabisa kwenda kwenye theluji ambao habari zake zimetufikia katika pande hizi, nao ulikuwa msafara wa amri na tamaa ya mali, usio na chembe ya tafrija.

Rebmann mwenyewe aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani mwenye uzoefu wa misafara ya bara. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Habari hizo zilipofika Ulaya zilipokewa kwa dhihaka na baadhi ya wanazuoni, na mbele ya wote alikuwa mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakupata kuiona Afrika ya Mashariki kwa macho yake, lakini alikuwa na yakini kwamba theluji haiwezi kudumu chini ya jua la ikweta. Ubishi huo uliendelea kwa miaka, mpaka msafara wa Karl Klaus von der Decken ulipoupanda mlima ule mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kuthibitisha maneno ya mmisionari. Jambo lililojulikana kwa kila mama aliyekuwa akichota maji ya mifereji ya Uchagga lilihitaji muda mrefu kuaminiwa na mabwana waliokaa maktabani.

Baada ya ubishi ulikuja upandaji. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Halford Mackinder, pamoja na Cesar Ollier na Joseph Brocherel, alifika kilele cha Batian katika Mlima Kenya tarehe 13 Septemba 1899. Vitabu huwataja hao, na ni haki kuwataja, lakini insafu hutaka tukumbuke kwamba chini ya kila mmoja wao palikuwa na safu ya wapagazi waliobeba mahema, vyakula na vyombo, wengi wao wakiwa hawana viatu vya kustahimili baridi, na kwamba kwa mpagazi mlima ulikuwa ujira wa siku na hatari ya usiku. Safari ya Mackinder iligharimu roho za Waafrika waliokuwa katika msafara wake, na jambo hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa kama jina la kilele.

Mwaka 1912 una sifa mbili ambazo nadra sana husemwa pamoja. Katika mwaka huo Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa wamechukua mbao za kutelezea, wakashuka nazo juu ya theluji ya mlima, na kwa kitendo hicho mchezo wa skii ukaingia katika tarehe ya Afrika Mashariki. Jina la Furtwängler limebaki hata leo katika kipande kimojawapo cha barafu kilicho karibu na kilele. Katika mwaka huohuo Eduard Oehler na Fritz Klute waliizunguka Kibo, wakaifanya kazi iliyowezesha barafu yake kuchorwa katika ramani kwa usahihi usiopata kuwepo. Kwa kipimo hicho wataalamu waliokuja nyuma wameweza kusema kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imetoweka. Mtu wa kwanza kucheza juu yake na mtu wa kwanza kuipima barabara walikutana nayo katika mwaka mmoja, na tangu hapo imekuwa ikipungua.

Hapo ndipo watu wa Nyanza wanapoingia katika kisa hiki, nao hawakuingia kwa hiari. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, mapigano yalifika mpaka Kisii mwezi wa Septemba, na baadaye maelfu ya vijana wa Kijaluo, wa Kisuba na wa makabila jirani walikusanywa katika jeshi la wachukuzi (Carrier Corps), ambalo jina lake limebaki katika vitongoji vya Kariakor na Kariakoo. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalipopita kando ya Kilimanjaro na kuitwaa Moshi, wachukuzi walikuwa nyuma yao na mizigo vichwani. Theluji ya Kibo ilikuwa juu yao, na homa, njaa na kuhara vilikuwa chini yao; na kama ilitokea mtu wa ziwani kuinua macho akaustaajabia weupe ule, hakuinua kwa ajili ya starehe.

Sasa na tuvuke bahari twende huko ambako mchezo wenyewe ulitoka, maana yuko mwenye kudhani kwamba Wazungu walizaliwa na skii miguuni kwa ajili ya furaha tu. Huko Skandinavia na Urusi mbao za kutelezea zimefukuliwa katika matope ya vinamasi, zikiwa na umri wa maelfu ya miaka, nazo zilikuwa vyombo vya mwindaji aliyemfuata mnyama katika majira ambayo bila ya mbao hizo asingeweza kupiga hatua. Norwe ilikuwa na vikosi vya askari wa skii katika karne ya 18. Mnorwe mmoja aliyehamia Marekani, John Thompson, alibeba barua kwa skii kuvuka milima ya Sierra Nevada kwa takriban miaka 20 kuanzia mwaka 1856. Sondre Norheim, ambaye husifiwa kuwa baba wa mchezo huu kwa namna alivyoteleza mbele ya watu wa Christiania mwaka 1868, alikuwa mkulima maskini wa Telemark aliyelima ardhi isiyokuwa yake, akahama na jamaa zake kwenda Amerika kutafuta riziki. Watoto wa wakulima kama hao walijifunza kuteleza kwa sababu shule ilikuwa mbali na njia ilikuwa imefunikwa. Mchezo ulikuwa tunda la dhiki yao.

Kilichoigeuza dhiki hiyo kuwa mandari ni kazi ya mikono na kazi ya sheria. Mwaka 1908, katika kijiji cha Schollach, Ujerumani, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Robert Winterhalder alifunga kamba iliyovutwa kwa nguvu za kinu cha maji, ili wageni wake wasitaabike kupanda kilima kwa miguu kila waliposhuka. Mwaka 1936, huko Sun Valley katika jimbo la Idaho, Marekani, vilifungwa viti vya kwanza vilivyoning'inia katika waya na kuwachukua watu mpaka juu. Na mhandisi aliyevibuni, James Curran, alilipata wazo hilo katika mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini katika nchi za joto. Basi mtoto wa kitajiri aliyepandishwa mlima wa theluji bila ya kunyanyua mguu alipandishwa kwa hekima iliyozaliwa katika jasho la wachukuzi wa ndizi, na ni vyema wakulima wa ndizi wa ukanda wetu walijue hilo.

Mwaka huohuo wa 1936 Ufaransa ilitunga sheria ya kumpa kila mfanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo, na kwa sheria hiyo mlima ulianza kuwa mali ya macho ya mtu wa kawaida. Mwaka 1953 watoto wa shule moja ya Vanves, mji ulio kando ya Paris, walichukuliwa pamoja na mwalimu wao mpaka La Féclaz katika milima ya Savoie, wakasoma asubuhi na kujifunza skii mchana. Huo ukawa mwanzo wa madarasa ya theluji, yaliyowafikisha mlimani watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo huo. Ndipo ikatulia ile desturi tunayoiona leo: baba anayebeba mbao za watu wanne begani, mama anayehesabu glavu na kuhakikisha hakuna sikio lililoachwa wazi, mtoto wa miaka 4 anayefundishwa kuzikutanisha ncha za mbele za skii na kuzitenganisha za nyuma ili apunguze mwendo, kilio cha vidole vilivyokufa ganzi, kikombe cha maziwa ya moto, na kurudi nyumbani jioni hali watoto wamelala kabla gari halijafika bondeni. Ni desturi yenye uzuri wake, na ni ghali; hata huko kwenyewe ziko jamaa nyingi ambazo hazimudu gharama zake.

Katika theluji hiyo ya ugenini wamepita pia wana wa kwetu. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka pande za Eldoret na wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata medali huko Munich mwaka 1972, alipelekwa Finland mwaka 1996 akafunzwe skii, na hakuwa amepata kuiona theluji kabla ya hapo. Tarehe 12 Februari 1998, katika michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, nyuma ya wote, takriban dakika 20 baada ya mshindi; na mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alikuwa bado anamngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, akarudi tena katika Olimpiki za mwaka 2002 na 2006. Baada yake alikuja Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria na mama yake akiwa na miaka 3, akakulia miongoni mwa watoto wanaojifunza skii kama watoto wa Sindo wanavyojifunza kuogelea. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, aliiwakilisha Kenya katika mbio za kushuka mlima. Ukiwalinganisha hao wawili utaona hoja yetu yote: yule aliyeanza akiwa mtu mzima alipata heshima ya ushujaa, na yule aliyeanza mikononi mwa wazazi alipata ustadi. Damu haikuwatofautisha, utoto ndio uliowatofautisha.

Na wasiosafiri mpaka Ulaya wameletewa baridi ya kutengenezwa. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na wazazi wakaanza kuwapeleka watoto wao siku za mapumziko wakaanguke na kuinuka juu ya viatu vyenye makali. Katika mwaka huohuo Dubai ilifungua mlima wake wa theluji ndani ya soko, ambamo wapo Waafrika Mashariki wanaoingia kama wageni, na wapo wanaoingia kama watumishi. Hizo ni starehe za tikiti. Zinafurahisha, lakini hazimjulishi mtoto nchi yake.

Turudi basi Gwassi. Majivu ya volkeno ya Kisingiri ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya wanyama wa kale katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na mwaka 1948 Mary Leakey alilipata huko Rusinga fuvu la Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Zama nyingi baada ya sokwe huyo, Abasuba, ambao masimulizi yao huwatoa Buganda na Busoga katika karne ya 18, walivuka ziwa kwa mitumbwi wakakaa visiwani, Kaksingri na Gwassi, wakichagua milima kwa kuwa mlima ulikuwa ngome. Kisha wakaingiliana na Wajaluo mpaka lugha yao ikakaribia kumezwa. Kwa watu hao mlima ulikuwa na kazi nyingi, na watoto walikuwa wafanyakazi wake wa kwanza, kwani wao ndio waliochunga mbuzi katika miteremko na kutafuta kuni.

Kisha ukaja msiba uliolitenga bonde na mlima na watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 katika pande za Uganda za ziwa hili, yakaenea mpaka pwani za Nyanza. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeyachukua. Bonde la Lambwe, lililo baina ya Gwassi na genge la Kanyamwa, likawa makao makuu ya mdudu huyo, na kwa miongo mingi mtu mwenye akili timamu hakumpeleka mtoto wake kutembea mahali ambapo kuumwa mara moja kungeweza kuwa kifo. Serikali ilifyeka vichaka, ikajaribu makazi mapya, na mwaka 1966 ikatenga sehemu ya bonde kuwa hifadhi ya wanyama, ambayo mwaka 1983 ilipandishwa daraja kuwa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120, mahali pekee nchini Kenya palipobaki korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Hata hivyo malale yalizuka tena Lambwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, yakawaua watu na kuwarudisha wengine kwenye hofu ya babu zao.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini jamaa za Sindo hazina desturi ya kupanda Gwassi pamoja na watoto wao siku ya Jumapili, na asitafute sababu katika tabia zao. Sababu ilikuwa mdudu, umaskini na njia mbovu, na siku za mapumziko zisizotosha kwa mtu avuaye omena usiku kucha na kuianika mchana. Na sababu hizo, moja baada ya moja, zimeanza kuondoka. Mgonjwa wa mwisho wa malale kuambukizwa nchini Kenya aligunduliwa mwaka 2009, na mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Kazi hiyo ya matabibu, ya wategaji mbung'o na ya wanakijiji ina thamani kubwa kwa mandari ya mtoto kuliko kiti chochote kinachoning'inia katika waya.

Theluji ya Kibo na ya Mlima Kenya inapungua, na huenda watoto wa leo watawaeleza wajukuu wao juu yake kama tunavyoeleza juu ya volkeno ya Kisingiri. Gwassi haitupungukii kwa namna hiyo, isipokuwa tukiipunguza wenyewe kwa shoka na tanuri la makaa. Mamlaka za Homa Bay na Migori, ambazo kati yao milima hiyo imenyooka kuelekea Karungu, zina wajibu wa kuulinda msitu uliobaki na kuchonga njia za miguu zinazomfaa mtoto na mzee; shule za Sindo, Magunga na Mbita zina wajibu wa kuwapandisha wanafunzi wao angalau mara moja kwa mwaka pamoja na mwalimu mwenye kujua habari za mahali hapo; na sisi wazazi tuna wajibu ulio mwepesi kuliko wote, nao ni kuwafungia watoto wetu viazi na maji, tukaondoka nao mapema kabla ya jua kali, na kuwaonyesha kutoka juu nchi waliyozaliwa.